Namna ya Kuujua Mtaa wa Sham Shui Po kwa Mgeni Anayeishi Hong Kong

Mtu wa Afrika Mashariki anayehamia Hong Kong kwa masomo au biashara huelekezwa kwanza Chungking Mansions, jengo lililo pale Tsim Sha Tsui, ambako wafanyabiashara wa Kitanzania na Kikenya wamekuwa wakifikia na kununua simu kwa miaka mingi. Sham Shui Po, mmoja wa mitaa maskini zaidi jijini humo, hautajwi sana, ingawa uko vituo vitano tu kutoka hapo kwa treni ya Tsuen Wan.

Anzia jengo la Mei Ho House, kwa kuwa bila historia yake mtaa huu utauona kama msongamano mtupu. Usiku wa Krismasi ya mwaka 1953, moto uliteketeza mabanda ya Shek Kip Mei, eneo la papo hapo, ambayo wakazi wake wengi walikuwa wakimbizi kutoka China bara, na watu zaidi ya 50,000 wakabaki bila makazi. Serikali ilianza kujenga maghorofa ya kuwahifadhi, na jengo hili la mwaka 1954 ni mojawapo. Humo ndani kuna makumbusho yasiyo na kiingilio, yanayoonyesha chumba cha takriban mita 11 za mraba kilichokusudiwa watu wazima watano, huku vyoo vikiwa vya pamoja.

Baada ya hapo, ingia mtaani ukiwa na shida ya kweli, maana mwenye kununua hupokelewa tofauti kabisa na mwenye kushangaa. Ukihitaji chaja, redio kuukuu au waya, nenda Apliu Street. Ukiwa fundi cherehani au umetumwa na fundi, vitambaa na vifungo viko Ki Lung Street, na shanga ziko Yu Chau Street. Beba fedha taslimu za chenji, na bei uipatane kwa upole, kwa kuwa faida ya muuzaji wa kibanda ni ndogo.

Umaskini wenyewe haujitangazi. Simama kwenye mlango wa ngazi za jengo la zamani uangalie masanduku ya barua: yakiwa mengi kuliko milango inayotarajiwa kuwapo ghorofani, ujue kwamba nyumba zimekatwakatwa vijumba vidogo, kila kimoja na mpangaji wake. Usipande ngazi hizo bila mwenyeji, wala usiwapige picha vikongwe wanaosukuma mikokoteni ya maboksi ya kuuza, wapishe njia. Ziara za kulipia zinazoahidi kukuingiza vyumbani mwa watu mimi siziungi mkono, hata zikiitwa za elimu.

Chakula ule katika migahawa ya chai, ambako utaketishwa meza moja na watu usiowajua, jambo ambalo si utovu wa adabu. Agiza chai nzito ya maziwa ya kopo, ule, ulipe kaunta uondoke, hasa mchana, kwa kuwa wengine wanasubiri kiti. Ukipenda mgahawa mmoja, rudi huo huo wiki inayofuata, saa ile ile, kwani salamu huanza pale mhudumu anapokumbuka unachoagiza. Usiku, maduka yakishafungwa, wapo wanaotandaza mitumba yao chini barabarani. Hapo nenda na tochi ndogo, na ukague kifaa kabla ya kulipa.