Soma Mgongo wa Amplifaya Kabla ya Kusikiliza Mziki

Kwaya na vikundi vya kaswida hunituma niwatafutie vyombo vya mtumba, nami huanzia Kariakoo. Muuzaji atakuwashia mziki mnene hata salamu hazijaisha. Mwombe kwa upole azime, kisha igeuze amplifaya usome mgongo wake.

Tafuta volti. Umeme wetu ni 230. Ikiandikwa 220, 230 au 240, endelea. Ikiandikwa AC 100V, ilitengenezwa kwa matumizi ya Japani. 120V ni ya Marekani. Uichomeke hivyohivyo nyumbani, ukibahatika itakata fyuzi tu, usipobahatika transfoma ya ndani inaungua. Plagi isikutulize, kwani wengi hukata ile ya pini mbili bapa wakafunga ya pini tatu kama zetu. Fuata waya kwa macho mpaka mwisho. Mara nyingi utakuta transfoma ya kushusha umeme chini ya meza, na hiyo haimo kwenye bei uliyotajiwa. Sikukatazi za Japani, nyingi ni imara na sauti yake nazipenda mno. Ila transfoma iingie kwenye hesabu, tena iwe na wati nyingi kuliko zile amplifaya inazokula. Kama ina redio, kumbuka FM ya Japani huanzia 76, na mashine za zamani huishia 90. Stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Namba ya mashine ikiwa imekwanguliwa, mwachie mwenyewe. Mali ya wizi itakufikisha polisi.

Sasa mwambie awashe, bila wimbo. Mngurumo usiopungua hata ukishusha sauti mpaka mwisho, mara nyingi ni kapasita zilizochoka, vile vifaa vya ndani vinavyotuliza umeme. Mkwaruzo unapozungusha kitufe cha sauti ni uchafu tu. Fundi atapuliza dawa, nawe umepata sababu ya kuomba upunguziwe. Peleka kitufe cha balansi, kinachogawa sauti kati ya spika mbili, kushoto, halafu kulia. Upande mmoja ukiwa kimya, usikubali kuambiwa ni waya mpaka waubadilishe mbele yako.

Kwenye spika, vua wavu. Gusa sponji inayozunguka koni, ile sehemu inayotikisika, ikimeguka, imeoza. Sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, sawasawa pande zote. Ikikwaruza, koili, yaani waya uliozungushwa nyuma ya koni, ina shida. Twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, usiiguse, inabonyea. Mimi hutembea na multimita, kile kipimo cha umeme cha mafundi: spika ya omu 8 husoma karibu 6, na isiposoma kitu, koili imekatika.

Wimbo uwe wako, kwenye fleshi yako, wenye sauti ya mtu na ngoma unazozijua vizuri. Usikilize kwa sauti ya chini, kisha ya juu, usiwe na haraka.

Hapo ndipo mzungumze bei. Omba pia siku mbili tatu fundi wako aifungue, na makubaliano hayo yaandikwe kwenye risiti.