Kulitazama shamba la Kahe kutoka angani

Nalima mahindi Kahe, chini ya Moshi. Fungua Copernicus Browser, tovuti ya picha za satelaiti, ni bure, chagua satelaiti za Sentinel-2, kisha vuta ramani hadi ulione shamba lako. Satelaiti hupita kila siku 5 hivi, ila wakati wa masika mawingu huziba. Rudi nyuma tarehe moja moja, usichoke. Udongo mtupu uutafute Februari, kabla ya kupanda. Kwa mazao chagua NDVI, kipimo cha wingi wa majani mabichi: kijani kilichokolea ni majani mengi, palipopauka ni machache. Kila kiraba cha picha ni mita 10 kwa 10, hivyo robo eka ni viraba kama 10 tu.

Kona yangu ya mashariki ilibaki imepauka wiki tatu. Nikaenda na jembe: chumvi nyeupe juu, chini udongo mgumu kama tofali. Picha pekee isingenionyesha hayo. Nenda ukachimbe palepale palipopauka.