Tenki jipya la mafuta kwenye lori: angalia mikanda kabla ya lita

Hapa Makambako yanapita magari ya Tunduma na ya Songea, kwa hiyo matenki yaliyopasuka nayaona mengi. Mengi yamepasukia palepale: chini yanapokalia breketi, vile vyuma vinavyolibeba tenki, au ubavuni chini ya mkanda wa chuma unaolifunga. Bati halikuchoka lenyewe, lilisuguliwa. Ndiyo maana mteja akiniuliza, "Fundi, niweke la lita ngapi?", mimi naingia uvunguni kwanza.

Haya, lita. Dar hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Semi yenye mzigo ikila lita moja kwa kilomita mbili, inataka lita 450 na ushee kwa kwenda tu. Wanaovuka kwenda Lubumbashi hupenda matenki mawili. Sina ubishi, ila dizeli nayo ni mzigo. Lita moja ina gramu 840 hivi, maana yake lita 600 ni nusu tani, na mizani haijali kama nusu tani hiyo ni mafuta au saruji.

Namba aliyoiandika muuzaji kwa chaki usiiamini. Chukua futi, pima kwa sentimita. Urefu 120, upana 65, kimo 65: zidisha zote, gawanya kwa 1,000, unapata lita 507. Punguza kidogo kwa sababu kona zimeviringwa, kisha asilimia 5 ya nafasi ya hewa, maana dizeli ikipigwa na jua hutanuka. Za kweli zinabaki kama 470.

Gari la lami tupu, chukua alumini: ni nyepesi, haishiki kutu. Gari la machimbo au la magogo, chuma kinavumilia mawe zaidi. Ninachokikataa ni tenki la kuundwa mtaani kwa mabati yenye zinki. Zinki na dizeli hazipatani. Hutoa uchafu unaoziba filta na kwenda kuharibu nozeli zinazopuliza mafuta ndani ya injini, na nozeli zinaweza kukugharimu kuliko tenki lenyewe.

Mulika tochi mdomoni mwa tenki kabla hujalipa. Ndani lazima uone kuta zenye matundu. Bila hizo, ukishuka mlima Kitonga na tenki nusu, kila ukikanyaga breki mafuta yote yanarukia ukuta wa mbele, na viungo vya kuchomelea vitaachia siku moja. Angalia pia boya la geji, linaloelea na kuonyesha mafuta yaliyobaki. Boya lililotengenezwa kwa kimo cha 70 halifai kwenye tenki la 60, na umeme wake lazima ulingane na geji ya dashibodi. Vimo vikilingana, hamisha boya lako la zamani uachane na usumbufu.

Kuna watakaokwambia usinunue, uchomelee la zamani. Mimi tenki lililobeba mafuta sichomelei, hata likiwa limeoshwa. Dizeli baridi haishiki moto kirahisi, ndiyo inayowadanganya watu, lakini mabaki yaliyojificha kwenye kona yakipata joto la kuchomelea hugeuka mvuke, na mvuke uliofungiwa hulipuka. Ukitobokea porini, sugua sabuni ya kipande kwenye ufa. Dizeli haiiyeyushi haraka. Itakufikisha gereji, si zaidi.

Kufungua la zamani: egesha pa tambarare, chomoa betri, nyonya mafuta kwenye madumu safi. Kabla ya kulegeza paipu, funga kitambaa kwenye ile ya kunyonya ili usije ukaichanganya na ya kurudisha, ile inayoleta tenkini mafuta ambayo injini haikuyatumia.

Sasa breketi, na hapa usiwe na haraka. Piga brashi ya waya, tafuta nyufa, weka uzi kutoka breketi ya kwanza hadi ya mwisho uone kama zimenyooka. Moja ikiwa imeinama, tenki litakalia mbili na kujipinda kila shimo. Kisha mpira, chini kwenye breketi na ndani ya kila mkanda. Uwe mnene, milimita 5 hivi. Tyubu ya tairi ni nyembamba, na kapeti ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu inakunywa maji na kuyatunza. Alumini ikigusana na chuma penye maji, inaliwa taratibu, na hutaona mpaka ivuje.

Pandisha tenki mkiwa wawili au kwa jeki. Likae mbali na ekzosi, lisisogelee propela shafti, na kizibo cha chini kifikike, maana utahitaji kumwaga maji na tope mara kwa mara. Kaza mikanda kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, kisha nati ya pili juu ya ya kwanza. Ukiona ubavu unabonyea, umezidisha.

Paipu ya kunyonya iishie sentimita 3 au 4 juu ya sakafu ya tenki, isije ikavuta tope. Ya kurudisha imwage mbali nayo. Zikikaribiana, injini itavuta mapovu. Usisahau tundu la kupumulia. Likiziba, gari linaanza kukosa nguvu baada ya mwendo mrefu. Dereva akifungua mfuniko anasikia "fyuuu", gari linapona kwa muda, naye anaenda kubadilisha filta bure.

Weka lita 50 za kwanza, futa viungo vyote kwa kitambaa kikavu, subiri, pitisha kidole. Piga pampu ya mkono huku umelegeza skrubu ya kutolea hewa kwenye filta, mpaka yatoke mafuta yasiyo na mapovu. Funga, washa, acha lingurume dakika kumi, kagua tena, ndipo ujaze.

Ukitoka hapa na kufika Mbeya, simama ukaze mikanda upya, kwa sababu mpira mpya hulala na mkanda hulegea. Spana yake namkabidhi utingo mwenyewe, ingawa kuirudisha huwa ni mbinde.