Kabla Hujapakia Baiskeli ya Mizigo Kwenye Kontena la Kuja Uganda

Ndugu zetu walioko Uholanzi na Denmark wakianza tu kujaza kontena, swali ni lilelile: ile baiskeli yenye sanduku mbele, iliyowapeleka watoto chekechea miaka yote, ije nyumbani au iuzwe hukohuko? Mimi niliileta. Naishi Walukuba, Jinja, nayo bado inatembea, ila imenifunza mengi kwa gharama yangu.

Siku ya kwanza nilipoisimamisha kwa fundi wa mtaani, aliizunguka mara mbili, kisha akauliza: "Mzee, hii ni baiskeli au mtumbwi?" Tulicheka. Lakini usidhani unawaletea watu muujiza. Boda boda yenyewe ilianza kwa baiskeli, kwenye mpaka wa Uganda na Kenya kule Busia, watu wakipakiwa nyuma pamoja na mizigo yao kutoka boda hadi boda, kabla pikipiki hazijarithi jina. Hadi leo utakutana na kijana na baiskeli yake nyeusi aina ya Hero imefungwa mikungu ya matoke pande zote, au madumu sita ya maji ya lita 20. Hizo ni kilo 120. Tazama vizuri lakini: anasukuma, hapandi. Hapo ndipo sanduku la mbele linaposhinda, kwa sababu mzigo umekaa chini, katikati ya magurudumu, wala hauning'inii juu ya keria. Madumu manne naendesha nayo nimekaa. Watoto nao wako mbele ya macho yangu, si mgongoni ambako sijui nani kavua kiatu.

Sasa matairi, maana hapa ndipo wengi hukwama. Usisome inchi, soma namba ya tarakimu tatu iliyoandikwa ubavuni mwa tairi baada ya kistari. Gurudumu dogo la mbele likiwa 406, umebahatika: ni saizi ya baiskeli nyingi za watoto za BMX, tyubu zake zinapatikana. La nyuma likiwa 559, ni saizi ya zile za milimani zinazokuja za mtumba. Baiskeli nyeusi za hapa kwa kawaida huvaa 635, na kila duka la spea linaijua. Ukiona namba nyingine yoyote, njoo na matairi ya akiba, au iuze.

Breki za mafuta ziache Ulaya. Yangu ilikuja nazo. Barabara ya murramu ikautikisa ule mpira wa mafuta hadi ukachubuka ukavuja, nikatafuta msaada, na mtu mmoja mwenye nia njema akaniwekea mafuta ya breki ya gari. Breki zangu zilikuwa za mafuta ya madini. Mafuta ya gari yakavimbisha mipira yote ya ndani, na mwezi huo tukapanda taksi. Nilibadilisha nikaweka breki za waya, na tangu hapo fundi yeyote mwenye koleo ananitosha. Hicho ndicho kipimo changu kwa kila kifaa: je, fundi aliyekaa chini ya mwembe anaweza kukifungua na kukirudisha? Kama hawezi, hukukileta chombo, umeleta pambo.

Kingine ni ule mtaimbo mrefu unaounganisha usukani na gurudumu la mbele. Mawimbi ya murramu hulegeza nati zake. Mimi huzikaza kila Jumamosi.

Kama ni ya umeme, betri haiji nawe kwenye ndege. Mashirika ya ndege hayaruhusu kwa abiria betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160, na ya baiskeli kwa kawaida huzidi mara mbili au tatu. Kwa meli inasafiri kama mzigo wa hatari, kwa hiyo mweleze msafirishaji mapema, usiifiche kwenye magodoro. Chaja ya Ulaya itafanya kazi kwenye volti 240 zetu ukipata adapta ya pini tatu za Kiingereza. Anayetoka Marekani asome kwanza kibandiko cha chaja, aone kama kinafika 240.

Kodi: sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 humpa msamaha anayehamisha makazi, kwa vyombo vya nyumbani alivyokuwa akivitumia. Tunza risiti ya zamani, piga picha baiskeli ikiwa kazini, na zungumza na wakala wa forodha kabla kontena halijafika Mombasa. Asiyepata msamaha ajiandae kwa ushuru, pamoja na VAT ya asilimia 18.

Mahali pia panaamua. Jinja ni tambarare kiasi, mitaa yake ya mjini ni mipana. Kampala ni vilima, na bila mota sikushauri, ingawa Barabara ya Namirembe na Mtaa wa Luwum zimetengewa sehemu ya waenda kwa miguu na baiskeli. Barabara kuu ya Kampala–Jinja, yenye malori na matrela ya miwa, usimpeleke mtoto hata kwa dakika tano.

Ningeanza upya leo, ningeiuza kule. Kisha ningenunua Hero, nimpe fundi wa kuchomelea airefushe fremu nyuma, aweke keria ndefu ya kubeba watoto wawili au magunia. Na wale jamaa wa FABIO, shirika la mambo ya baiskeli hapa Jinja, ambao kwa miaka mingi wameshughulika na baiskeli hadi za kubebea wagonjwa, ningewatembelea kabla ya kukata bomba lolote.

Kwenye sanduku la safari ningeweka kofia za watoto, mikanda ya kuwafunga, na stendi pana ya miguu miwili, kwa sababu kupakia dumu la pili kwenye baiskeli iliyoegemea mguu mmoja ni kuiangusha. Madigadi ya kubana sana usiyalete. Mvua za Machi zikianza, udongo mwekundu hujaa ndani yake na gurudumu hugoma kuzunguka. Mimi yangu niliyang'oa, sasa yanafunika matundu ya kuku.