Kusoma karatasi ya OCT ya nyuzi za neva ya jicho: anza na picha, rangi baadaye

Karatasi ya OCT, mashine inayopima tabaka za nyuma ya jicho kwa mwanga, ikitoka kwenye printa, macho ya kila mtu hukimbilia rangi. Nyekundu ni glaukoma, ugonjwa unaoua neva ya jicho polepole; kijani aende nyumbani. Mwongozo huu nauandikia wenzangu mlioanza karibuni kwenye kliniki za macho, mnaopewa karatasi hizo na kutakiwa muandike maoni. Nawaomba rangi muiache hadi hatua ya tano. Namba nitakazotaja ni za Cirrus, mashine ninayoitumia. Mashine nyingine, kama Spectralis au Topcon, zina vipimo vyake, na namba za mashine mbili tofauti hazilinganishwi.

Kwanza tujue kinachopimwa. Kila jicho lina seli za ganglioni zipatazo milioni moja, na kila seli hutoa uzi unaotambaa juu ya retina, pazia la nyuma ya jicho linalopokea mwanga, hadi kwenye disiki, pale neva ya jicho inapoanzia safari ya kwenda kwenye ubongo. Mashine huzungusha duara la kipenyo cha milimita 3.46 kuizunguka disiki, ikapima unene wa tabaka la nyuzi hizo kwa mikromita. Ndilo linaloandikwa RNFL juu ya karatasi. Tunahangaika nalo kwa sababu Harry Quigley na wenzake huko Baltimore walionyesha kwamba kasoro inapojitokeza kwenye kipimo cha uwanja wa kuona, yaani eneo lote ambalo jicho linaona likitazama mbele, robo hadi theluthi ya seli huwa zimeshakufa. Nako Kongwa, mkoani Dodoma, uchunguzi wa watu 3,268 wenye miaka 40 na zaidi, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta karibu 4 katika kila 100 wana glaukoma. Wagonjwa wapo.

Hatua ya 1: Tarehe ya kuzaliwa

Watu huiruka hii. Mashine humlinganisha mgonjwa na watu wa rika lake, kwa hiyo umri ukikosewa, rangi nazo zinakosewa. Wazee wetu wengi wameandikishwa 1 Januari ya mwaka wa kukisia. Muulize mzee alikuwa na umri gani wakati wa Uhuru, au mwanawe wa kwanza ana miaka mingapi, kisha ujaze mwaka unaokaribia ukweli. Aliye chini ya miaka 18 hatapewa rangi kabisa, maana hifadhidata ya mashine inaanzia umri huo.

Hatua ya 2: Nguvu ya ishara

Hii ni alama ya ubora wa picha. Iwe 6 kati ya 10 au zaidi. Ikiwa chini ya hapo, rudia. Weka tone la machozi bandia, mwambie mgonjwa apepese mara mbili tatu, kisha atulie. Ishara dhaifu hulifanya tabaka lionekane jembamba kuliko lilivyo. Mgonjwa mwenye mtoto wa jicho aliyekomaa akishafanyiwa upasuaji, unene "huongezeka" kwenye kipimo kinachofuata. Neva haijaota upya. Ni mwanga tu uliopata njia. Baada ya upasuaji, chukua kipimo kipya cha msingi na usikilinganishe na cha zamani.

Hatua ya 3: Picha yenyewe

Hapa ndipo pa kutumia muda. Tazama mambo matatu. Je, duara limekaa katikati ya disiki? Likisogea upande, upande uliokaribiana na disiki utaonekana mnene na ule wa pili mwembamba. Je, mishipa ya damu imekatika na kuruka? Basi jicho lilicheza wakati wa kupigwa. Halafu fuata ile mistari miwili ambayo programu imeichora kwenye mpaka wa juu na wa chini wa tabaka. Ikikutana ghafla au ikitumbukia, mashine imepotea njia na itaandika unene unaokaribia sifuri. Sifuri haipo kwenye jicho la binadamu. Hata neva ikifa kabisa, mishipa ya damu na tishu za kushikilia hubaki, na unene hukwama kwenye mikromita 50 hadi 60 hivi.

Hatua ya 4: Nundu mbili

Mchoro wa mstari wa unene huanzia upande wa sikio, ukapita juu, pua, chini, na kurudi sikio. Jicho lenye afya lina nundu mbili, juu na chini, kwa kuwa huko ndiko nyuzi zilikorundikana. Linganisha jicho la kulia na la kushoto. Macho ya mtu mmoja hufanana sana, na tofauti kati yao mara nyingi inasema kabla rangi haijasema. Kwa wasioona vizuri vitu vya mbali, wenye miwani mikali, nundu husogea kuelekea sikio. Mashine ikitafuta nundu mahali pa kawaida na kuzikosa, hupaka nyekundu. Wagonjwa wa aina hiyo wamewahi kuanzishiwa matone ya kutumia maisha yote kwa nundu zilizohama tu.

Hatua ya 5: Sasa rangi

Kijani ni pale walipo watu 90 katika 100 wenye afya. Njano ni wanne walio chini ya hapo, nyekundu ni yule mmoja wa mwisho kabisa, na nyeupe ni wale watano walio juu. Wote hao wana afya! Mashine hupaka rangi vipande vingi kwa mara moja, robo nne na vipande 12 kama namba za uso wa saa, kwa hiyo kipande kimoja chekundu kilichojitenga peke yake hakikutoi jasho. Kumbuka pia hifadhidata ya Cirrus ni ya watu 284. Wenye asili ya Afrika ni 18 katika 100 tu, nao ni Wamarekani. Wastani wa mtu mzima mwenye afya huangukia kati ya mikromita 90 na 100 hivi.

Hatua ya 6: Hasara iko wapi

Glaukoma hupenda kuanzia chini upande wa sikio: kwenye namba 7 ya uso wa saa kwa jicho la kulia, namba 5 kwa la kushoto. Hasara ikiwa upande wa sikio peke yake, macho yote mawili, kwa kijana asiyeona vizuri katikati, fikiria kwingine. Dar es Salaam kuna ugonjwa wa neva ya jicho unaowapata vijana, na chanzo chake hakijajulikana; wagonjwa wa Muhimbili walipigwa OCT na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Uliza pia dawa za kifua kikuu, hasa ethambutoli, inayoweza kudhuru neva ya jicho huku mwanzoni ikiacha unene ukiwa wa kawaida.

Tabaka likivimba macho yote mawili, na kichwa kinauma, hiyo ni rufaa ya siku hiyohiyo. Karatasi haitakupa nyekundu. Itakupa nyeupe.

Hatua ya 7: Ufuatiliaji

Jean-Claude Mwanza na wenzake, mwaka 2010, walipima macho yenye glaukoma mara kwa mara kwa Cirrus wakakuta wastani unaweza kutofautiana kwa karibu mikromita 4 bila ugonjwa kusogea. Ukishuka zaidi ya hapo, rudia kipimo kabla ya kubadilisha dawa. Uzee nao hula takriban mikromita 2 kwa kila miaka kumi. Na wastani ukishafika 55, acha kuutegemea. Mfuatilie mgonjwa kwa uwanja wa kuona.

Hatua ya 8: Maoni

Andika hivi: "Jicho la kulia: ishara 8, duara katikati, mistari sahihi. Wastani 74. Upungufu chini upande wa sikio, unaolingana na ukingo wa disiki ulioliwa chini. Jicho la kushoto: ishara 5, picha haifai, irudiwe." Kisha mpe mgonjwa nakala aondoke nayo, maana kliniki atakayokwenda mwakani itahitaji hiyo 74.