Kupanga masomo na kazi ukiwa bado sekondari: anzia mwisho urudi nyuma

Mwezi uliopita mpwa wangu alinijia na fomu ya kuchagua masomo, akiwa amebakiza siku nne kuirudisha shuleni. Alishaijaza kwa penseli. Anataka kuwa mfamasia, na kemia alikuwa ameikata. "Mjomba, kwani dawa si mambo ya biolojia?" Nikavuta kiti. Tulikaa mezani jioni tatu, na haya ninayoyaandika ndiyo tuliyoyafanya, kwa mpangilio ule ule.

Mimi mwenyewe yalinikuta. Nilipokuwa na umri wake nilipanga kwenda mbele tu: nasoma nikipendacho, nafaulu, halafu nitaona. Nilifaulu vizuri, kisha nikakuta kozi niliyoitaka inadai somo moja nililoliacha zamani. Nikarudi darasani mwaka mzima kwa ajili ya somo hilo tu. Tangu hapo kila kijana anayeniuliza namwambia aanzie kwenye kazi, ashuke kwenye leseni ya kazi hiyo, ashuke kwenye kozi, ndipo afike kwenye fomu aliyoishika mkononi.

Hatua ya 1: Daftari na penseli

Usitumie simu kwa kazi hii. Nimejaribu programu za kupangia malengo na vijana kadhaa, na zote zinawafanya wahangaike na rangi za vijisanduku. Daftari moja, kurasa za kutosha, penseli ya kufutika.

Hatua ya 2: Andika unayoyafanya bila kusukumwa

Swali la "unapenda nini" huwapa vijana wengi kigugumizi. Jiulize badala yake: wiki mbili zilizopita, muda uliokuwa wako mwenyewe uliutumiaje? Andika vitendo, kama vile kufungua redio iliyoharibika, kumfundisha mdogo wako hesabu, kupanga ratiba ya timu, kuchora, kusoma kuhusu magonjwa.

Kisha vipange kwa makundi sita aliyoyapendekeza mwanasaikolojia wa Marekani John Holland mwaka 1959: kazi za mikono na mitambo, za uchunguzi, za sanaa, za kuhudumia watu, za kushawishi na kuongoza, na za mpangilio na kumbukumbu. Chagua makundi mawili au matatu yenye vitendo vingi. Majaribio mengi ya kukusaidia kuchagua kazi yaliyomo mtandaoni yamejengwa juu ya makundi haya haya. Yafanye ukitaka, ila usikubali jaribio la dakika kumi likutajie kazi moja ukaishika hiyo. Limekupa mahali pa kuanza kutafuta, basi.

Hatua ya 3: Kazi tatu

Mwambie mwanafunzi ataje kazi zote anazozijua, aghalabu ataishia kwenye kumi na tano. Shirika la Kazi Duniani lina orodha ya kazi iitwayo ISCO-08, yenye makundi madogo 436. Ipo mtandaoni bure. Ipitie yote, ukiweka alama kwenye chochote kinachokuvutia, hata kama hujawahi kumwona mtu anayekifanya.

Orodha hiyo ina faida nyingine. Tarakimu ya kwanza ya kila namba hukuonyesha ngazi ya kazi. Zinazoanza na 2 ni za wanataaluma, na kwa kawaida zinadai shahada. Zinazoanza na 3 ni za mafundi sanifu na wasaidizi wa wanataaluma, ambazo mara nyingi hufikiwa kwa masomo mafupi zaidi. Mfamasia ni 2262. Fundi sanifu wa dawa ni 3213. Fundi sanifu wa maabara ya tiba ni 3212.

Chagua tatu: ile unayoitaka kabisa, ya pili inayotumia masomo yale yale, na ya tatu inayofikiwa kwa njia fupi. Mpwa wangu alichagua ufamasia, ukemia na ufundi sanifu wa dawa. Ziwe tatu kweli. Mwenye kazi moja akikwama hana pa kugeukia, na mwenye kazi nane hatazichunguza hata moja.

Hatua ya 4: Sifa za kujiunga, zisomwe neno kwa neno

Hapa ndipo nilipopoteza mwaka wangu, na hapa ndipo jioni mbili kati ya zile tatu zilikoishia. Usiharakishe.

Anza na bodi inayosajili wanataaluma wa kazi hiyo, kabla ya chuo. Udaktari, ufamasia, uuguzi, uhandisi na sheria, katika nchi nyingi, ni kazi zenye bodi au baraza la usajili, na bila jina lako kwenye daftari lao huruhusiwi kuifanya kazi hiyo au kujiita kwa jina lake. Chuo kinaweza kukupokea, kikakufundisha na kukupa shahada, kisha bodi ikakataa kukusajili kwa sababu kozi haikuwa na ithibati, yaani haikukaguliwa na kukubaliwa rasmi. Kwa hiyo tafuta kwanza orodha ya kozi zinazotambuliwa na bodi, kisha uchague chuo kutoka humo. Kama unafikiria kuhamia nchi nyingine baadaye, angalia pia mikataba ya nchi kutambuana shahada. Kwa uhandisi kuna Washington Accord ya mwaka 1989, na kwa udaktari kuna orodha ya vyuo iitwayo World Directory of Medical Schools, ingawa kuwemo humo peke yake si ithibati.

Sasa fungua ukurasa wa kozi yenyewe kwenye tovuti ya chuo. Picha ya karatasi iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp haitoshi, wala maneno ya binamu aliyesoma pale miaka saba iliyopita. Tazama mwaka ulioandikwa juu ya ukurasa. Wewe utaomba udahili miaka miwili au mitatu ijayo, na sifa hubadilika, kwa hiyo utaurudia ukurasa huu kila mwaka hadi siku ya kuomba. Mimi nilisoma kijitabu cha mwaka uliopita nikakiamini.

Andika katika daftari mambo manne kwa kila kozi.

La kwanza, masomo ya lazima. Chunga sana maneno "na" na "au". Sentensi kama "hisabati na fizikia au kemia" inaweza kusomeka kwa namna mbili: hisabati pamoja na moja ya hizo mbili, au hisabati na fizikia kwa pamoja, ama kemia peke yake. Ukikuta sentensi ya namna hiyo usikisie. Iandikie ofisi ya udahili barua pepe fupi, ukitaja kozi, mwaka, na masomo yako, kisha utunze jibu lao. Jibu la mdomo kwenye simu halitakusaidia siku ya kubishania nafasi.

La pili, kiwango cha somo. Jina moja linaweza kubeba masomo tofauti. Katika International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa wa sekondari, tangu mwaka 2019 kuna hisabati za aina mbili, na kila moja ina ngazi mbili. Hao ni wanafunzi wanne ambao wote watasema "nimesoma hisabati", wakati baadhi ya kozi za uhandisi na uchumi zinapokea aina moja tu, tena ya ngazi ya juu. Mitaala mingine nayo ina tofauti kama hizo kwa majina mengine. Mwulize mwalimu wa somo, kwa jina kamili la somo, unalolisoma ni lipi.

La tatu, alama. Chuo huandika alama ya chini ya kukuruhusu kuomba. Hiyo si alama ya kupata nafasi. Kozi yenye waombaji wengi itajaza nafasi kwa wenye alama za juu zaidi, na wewe uliyefikia kiwango cha chini utabaki nje bila kosa lolote. Tafuta alama za waliopokelewa mwaka uliopita. Vyuo vingi huzitangaza, na visivyotangaza vikiulizwa mara nyingi hujibu.

La nne, mambo ya nje ya cheti: mtihani wa kujiunga, mahojiano, mkusanyo wa kazi zako kwa wanaotaka usanifu majengo au sanaa, na afya. Kijana anayetaka urubani apimwe macho mapema, hasa uwezo wa kutofautisha rangi, kwa sababu kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinaudai kwa cheti cha afya cha rubani. Ni bora alijue hilo sasa kuliko baada ya familia kulipa ada.

Neno "inapendekezwa" nalihesabu kuwa ni "lazima". Najua si sahihi kisheria, lakini waombaji wawili wenye alama sawa wakishindana, mwenye somo linalopendekezwa ana nafasi nzuri zaidi.

Ukilinganisha nchi mbili, usifuate majina ya vyeti. Tumia ngazi za UNESCO zinazoitwa ISCED, kutoka 0 hadi 8: ngazi ya 5 ni masomo mafupi ya juu, ya 6 shahada ya kwanza, ya 7 uzamili, ya 8 uzamivu. Na uangalie mlango wenyewe uko wapi. Uingereza mwanafunzi huweza kuingia udaktari akitoka sekondari, akasoma miaka mitano au sita. Marekani kwa kawaida humaliza kwanza shahada nyingine, ndipo aanze miaka minne ya udaktari. Kwa anayechagua masomo leo, hizo ni safari mbili tofauti.

Mwishowe chora jedwali: kazi tatu kushuka chini, masomo kwenda kulia, weka alama kwenye kila somo linalodaiwa. Somo lenye alama tatu haliachwi hata kama mwalimu wake humpendi. Mpwa wangu aliweka alama tatu kwenye kemia, akainyamazia karatasi kwa muda. Sikuhitaji kumwambia neno.

Hatua ya 5: Mtu mmoja anayeifanya kazi hiyo

Mtafute aliyeanza kazi miaka miwili hadi mitano iliyopita. Wazee wa kazi nawaheshimu, lakini mlango walioingilia umeshabadilishwa kufuli. Mwulize siku yake ya jana ilikwendaje kuanzia asubuhi, nini kilimchosha, na angesoma nini tofauti. Akikubali ukae naye siku nzima kazini, nenda.

Hatua ya 6: Fedha na muda

Jumlisha gharama za miaka yote, pamoja na mafunzo kwa vitendo na ada ya usajili wa bodi. Tarehe za kuomba ufadhili ziandike kabla ya tarehe za udahili, kwa kuwa baadhi hufungwa mapema zaidi. Usiidharau pia njia ya uanagenzi. Ujerumani na Uswisi kijana hugawa wiki kati ya kampuni na darasa huku akilipwa, na baadaye anaweza kuendelea hadi elimu ya juu akitimiza masharti.

Hatua ya 7: Tarehe

Ukurasa wa mwisho wa daftari uwe wa tarehe tu: mitihani, maombi, ufadhili, na siku moja kila mwaka ya kurudia hatua ya 4 yote.

Mpwa wangu alirudisha fomu siku ya mwisho, kemia imo, biolojia imo. Kuhusu hisabati, chuo kimoja kimeandika sentensi ile ile yenye "na" na "au". Barua pepe tumeshaituma, na nafasi ya jibu ameiacha wazi kwenye jedwali, kwa penseli.