SOMO: Mbunifu wa UX anafanya nini? Mfano kutoka mwalo wa Kibirizi

Habari zenu wanajamvi. Vijana kadhaa wa hapa Kigoma wameniandikia pembeni wakitaka kujua kazi yangu ni ipi hasa, maana siandiki kodi (maelekezo ya kompyuta yanayoendesha programu, si kodi ya serikali) na wala sitengenezi simu. Mimi ni mbunifu wa uzoefu wa mtumiaji, au kama tulivyozoea kusema, mtu wa UX (kifupi cha Kiingereza cha "user experience"). Nahakikisha anayeshika programu anaielewa, hapotei njiani, na anamaliza alichokijia. Don Norman, mwanasaikolojia wa Marekani, ndiye aliyelieneza jina hili alipojiunga na kampuni ya Apple mwaka 1993.

Mfano wangu ni programu ya kuandika madeni ya dagaa. Tuko watatu: mmoja anaandika kodi, mmoja anashika upande wa biashara, na mimi.

Hatua ya 1: Nenda ukaone

Hapa ndipo kazi ilipo, msiiruke. Kabla sijafika mwaloni, pale boti za uvuvi zinaposhusha samaki, tulikuwa na fomu inayodai jina la kwanza, jina la ukoo, namba ya simu na uzito kwa kilo. Nikakaa asubuhi tatu Kibirizi karibu na mama mmoja anayeanua dagaa na kuwauza. Hapimi kwa kilo, anapima kwa beseni. Daftari lake hukaa ndani ya pindo la kanga, na wadeni hawajui kwa jina la ukoo. Ameandika "Mama Pendo wa Mwandiga", "kijana wa kofia", "shemeji wa Ujiji". Vidole vina unyevu na magamba, kwa hiyo akigusa kioo cha simu kinaruka au hakisikii kabisa.

Fomu yetu yote ilikufa siku hiyo, na nashukuru ilikufa mapema, kabla mwenzetu hajaiandikia kodi.

Ukienda, usiulize "ungependa programu iweje?" Mtu atakujibu kwa adabu tu, akufurahishe. Uliza: "Mara ya mwisho mtu kukukopa ilikuwaje?" Kisha mwache asimulie.

Hatua ya 2: Liandike tatizo kwa sentensi moja

Yetu ilikuwa: muuzaji anataka kujua jioni nani anadaiwa kiasi gani, bila kufunua daftari mbele ya wateja. Ibandike ukutani. Wazo lolote lisilogusa sentensi hiyo lisubiri.

Hatua ya 3: Chora njia kabla ya sura

Penseli na karatasi vinatosha. Andika kila anachofanya mtumiaji tangu anafungua hadi anamaliza, kisha hesabu. Sisi tulikuwa na hatua saba za kuandika deni moja, tukabakiza tatu: nani, mabeseni mangapi, atalipa lini.

Hatua ya 4: Sasa chora skrini

Wengi hutumia Figma, programu ya kuchorea skrini. Mwongozo wa Google kwa simu za Android unashauri sehemu ya kugusa isipungue vizio 48 vya skrini (dp), takriban milimita 9. Miongozo ya W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, nayo inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Niliamini namba hizo zaidi nilipoona maandishi yetu ya kijivu yakipotea kabisa kwenye jua la saa sita mchana.

Maneno pia ni ubunifu. Kitufe kilichoandikwa "Wasilisha" tulikibadilisha kikawa "Andika deni". Na saa! Programu ilionesha 08:15, yule mama akasoma saa nane na robo, akakataa katakata kwamba hakukopesha mtu mchana. Alikuwa sahihi: alikopesha saa mbili na robo asubuhi. Sasa tunaandika "saa 2:15 asubuhi", na hakuna anayebisha.

Hatua ya 5: Jaribu na watu, nawe unyamaze

Mwaka 2000 Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, aliandika kwamba watu 5 wanatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro katika duru moja ya majaribio. Rekebisha, kisha jaribu tena na wengine. Mpe mtu kazi ya kweli: "Shemeji wa Ujiji amechukua mabeseni mawili, atalipa Ijumaa. Liandike." Halafu funga mdomo, hata kama kidole kinaelekea pasipo.

Mama mmoja alimaliza vizuri, akaona alama ya X pembeni, uso ukabadilika. "Nimekosea wapi?" Kwake X ni ile ya mwalimu kwenye daftari la shule. Tukaiondoa, tukaandika "Funga".

Hatua ya 6: Kaa na mwandishi wa kodi

Mpangie nini kionekane mtandao ukikatika, simu ikizima katikati, au orodha ikiwa tupu. Programu ikishatoka, rudi mwaloni.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Kasulu): Dada, asante kwa somo. UX na UI si kitu kimoja?

Jibu: Hapana, kaka. UI ni sura ya programu, kile unachokiona na kukigusa. Chukua boti ya abiria: UI ni rangi, viti na maandishi yake. UX ni safari nzima, tangu unatafuta tiketi, mzigo unapakiwa wapi, hadi unashuka.

Swali (Uvinza): Wateja wangu wanatumia simu za kitochi. UX ina nafasi?

Jibu: Kubwa sana. Ujumbe mmoja wa menyu ya nyota na reli (zile unazopiga kwa * na #) hubeba herufi 182 tu, na mtu akichelewa kujibu menyu inakatika. Kinachotumika zaidi kiweke namba 1, na kama anatuma pesa, muoneshe jina la mpokeaji kabla hajaweka namba ya siri.

Swali (Tabora mjini): Nimesoma sosholojia, sijui kodi. Naweza kuanza?

Jibu: Sosholojia ni mtaji, mdogo wangu. Chagua duka moja unalolijua, angalia wanavyohangaika na jambo moja, chora suluhisho, jaribu na watu watano. Hifadhi na michoro iliyoshindwa. Mwajiri makini anataka kuona ulivyofikiri.

Swali (Kigoma): Bosi anasema hatuna muda wa kwenda kwa watumiaji. Nifanyeje?

Jibu: Omba nusu siku tu. Kwa ridhaa ya mteja mmoja, mrekodi mikono yake akitumia programu yenu, bila uso. Kata dakika mbili pale anapokwama, umwoneshe bosi kimya kimya kabla ya kikao.